Makosa Ambayo Hayakuwa Yake

Nilipiga picha kioo cha kompyuta yangu nikaipeleka kwa mkurugenzi kabla mzee aliyeandika programu hajafika ofisini. Ndivyo ilivyoanza, na kila ninapojaribu kuisimulia kwa namna nyingine najikuta ninajitetea.

Katika picha ile yalionekana maandishi ya programu, na karibu kila mstari ulikuwa umepigiwa wekundu kwa chini, kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Pembeni, edita, yaani ile programu tunayoandikia kazi zetu, ilikuwa imehesabu makosa zaidi ya mia nne. Mkurugenzi wetu ni mama aliyesomea uuguzi. Hajui kuandika programu na kazi yake haimdai ajue. Lakini rangi nyekundu kila mtu anaielewa.

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi Bukoba. Nilikuwa nimefanya kazi Dar es Salaam miaka saba, nikarudi nyumbani Nyanga kwa sababu mama alipata kiharusi na hakukuwa na wa kumwogesha isipokuwa shangazi, ambaye naye magoti yake yalishachoka. Asubuhi nilimgeuza mama, nikamlisha uji, nikapita katikati ya migomba na mibuni ya majirani hadi barabarani, nikaenda kazini. Shirika lilikuwa dogo, vyumba vinne, na kazi yake ilikuwa kufuatilia chanjo za watoto katika visiwa na mialo, yaani fukwe za wavuvi, ya Muleba. Kila muuguzi alikuwa na kishikwambi, na ndani yake majina ya watoto wote wa eneo lake: nani amechomwa nini, lini, na anatakiwa kurudi lini. Kikipata mtandao, kinatuma kumbukumbu ofisini kwetu.

Programu hiyo iliandikwa na mtu mmoja. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Ijumbi, mtu mwembamba wa sweta la kijivu, aliyejifunza kompyuta peke yake baada ya kuacha ubao. Kila Jumatatu alipanda gari kuja mjini, akalala kwa mdogo wake hadi Ijumaa. Ofisi nzima ilimwita Mwalimu. Siku ya kwanza tu nilipofika, dereva aliniambia, "Usione amekaa kimya, dada. Yule mzee alijenga kitu hiki chote kwa kichwa chake." Katibu naye akasema hivyo hivyo. Mkurugenzi akarudia. Mimi nilikuwa nimeajiriwa ili kumsaidia, mwenye shahada na miaka saba ya Dar, na hakuna aliyeniuliza nimejenga nini. Niliona wivu. Sina neno jingine la kuuita.

Alinikabidhi kazi kwa siku moja. Alikuja na folda nzima kwenye flashi, nikainakili, nikaifungua. Ukurasa ukajaa nyekundu.

"Mwalimu, unaona hii?" nilimwuliza.

Akavaa miwani, akainama. "Hiyo ni edita yako tu. Programu yenyewe haina shida. Ijenge uone."

Kujenga ni hatua ya mwisho, pale kompyuta inapoyachukua maandishi yote, ikayakagua, ikayageuza kuwa kitu kinachoweza kuwekwa kwenye kishikwambi. Nikatoa amri. Ikajengeka bila lalamiko hata moja, huku dirisha la edita likiendelea kuwaka nyekundu vile vile.

"Umeona?" akasema.

"Imepita kwa bahati."

"Kompyuta haina bahati, binti yangu." Hakusema kwa ukali. "Umesoma maelezo niliyoweka kwenye folda?"

"Nimesoma."

Sikuwa nimesoma. Faili nililiona, liliitwa Soma Kwanza, kurasa nane, zote kwa Kiswahili. Huko nilikotoka maelezo ya programu yaliandikwa kwa Kiingereza, hata na sisi ambao Kiingereza chetu kilikuwa cha kuchechemea. Nilipoona Kiswahili nikaona kama tangazo la mkutano wa kijiji. Nilisoma kichwa cha habari nikalifunga. Kisha nikamdanganya mtu mzima usoni, kwa kitu ambacho kingenichukua dakika kumi.

Wiki iliyofuata ndipo nilipopiga ile picha.

Mkurugenzi alituita wote wawili. Aliigeuza simu yake ili Mwalimu aone. "Mwalimu, haya ni nini?"

"Ni edita ya dada haijapangwa, mama. Nilimweleza."

Mkurugenzi akanigeukia. "Ni kweli?"

"Edita hizi zinatumika dunia nzima," nikasema. "Zikionyesha makosa, ni makosa. Leo inafanya kazi. Siku ikikataa, tutakuwa na watoto visiwani wasio na kumbukumbu."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandaa nikiwa njiani kuja kazini. Niliipima, nikachagua neno watoto, kwa sababu nilijua mama yule alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuwapima watoto uzito. Niliona namna ilivyomwingia. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Haukuongezwa. Hakuna aliyemfukuza, alishukuriwa, akapewa soda na keki, na mkurugenzi akasema ofisi inahitaji damu mpya. Alipokuja mezani kwangu kuaga alinipa mkono. "Uwe mwangalifu na tarehe," akasema. "Watoto wa visiwani si wote wana tarehe. Ukikwama nipigie." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuyatilia maanani, nilikuwa nikisubiri aondoke ili nianze.

Nikaanza. Kila palipokuwa pekundu nilirekebisha mpaka wekundu ukaondoka. Sehemu kubwa ilihusu kitu ambacho Mwalimu alikiita tarehe ya kukadiria. Edita ilisema hakijulikani, hakipo. Nami nikakitoa, nikaweka mahali pake tarehe ya kawaida: siku, mwezi, mwaka. Ilinichukua wiki tatu. Nilipomaliza ukurasa ulikuwa safi, na programu ikajengeka. Nikaituma kwenye vishikwambi vyote.

Siku ya tatu muuguzi wa Goziba alinipigia. Mtandao wa kisiwani ulikuwa unakatika, nikawa nasikia upepo na injini za mitumbwi.

"Dada, watoto wangu wamepotea."

"Wamepotea vipi?"

"Kwenye kishikwambi! Juzi walikuwepo, leo naandika jina halipo. Si mmoja, ni wengi. Nina akina mama hapa wamevuka kutoka kambi ya upande wa pili, kadi zao zililoa maji zamani, mimi nategemea hiki kidude. Siwezi kumchoma mtoto bila kujua alishachomwa nini. Nimewaambia warudi." Akapumua. "Mmoja amenitukana, na sikumjibu. Mmebadilisha kitu huko?"

"Nitaangalia," nikasema. "Huenda ni mtandao."

Nilijua si mtandao. Kwenye kambi za wavuvi watu wanahama kila msimu, watoto wanazaliwa popote, na ukimwuliza mama mtoto alizaliwa lini anakwambia ilikuwa msimu wa panzi wa senene, au wiki ile mitumbwi ilipozuiwa kuingia ziwani. Mwalimu alikuwa amewatengenezea nafasi. Mimi niliifuta, na watoto wasio na siku, mwezi na mwaka kamili wakakosa pa kukaa, wakatoweka kwenye orodha.

Kumbukumbu zenyewe hazikufutika. Zilikuwa kwenye kompyuta kuu, zimefichika tu. Nilichukua flashi ya Mwalimu, nikafungua kazi yake ya awali kwenye folda mpya. Nyekundu ikarudi yote. Nikajenga. Ikajengeka. Sasa nikakaa chini kwa mara ya kwanza kujiuliza swali nililotakiwa kujiuliza siku ile ya kwanza: inawezekanaje edita iseme ni kosa na hatua ya kujenga iseme ni sawa, juu ya maandishi yale yale?

Nilizima edita nikaiwasha. Nilizima kompyuta yenyewe. Nilifuta maktaba zote ambazo programu inazitegemea nikazipakua upya, na kwa mtandao wetu hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Nikaweka toleo jingine la edita. Makosa yakabaki mia nne. Mwishowe nikamwandikia rafiki yangu tuliyekuwa naye Dar. Alijibu kwa mstari mmoja: kama inajengeka na edita inalia, basi hao wawili hawasomi karatasi moja.

Nikaenda kuangalia amri ya kujenga. Kweli. Mwalimu alikuwa na faili la mipangilio, lile linaloiambia kompyuta itafute nini na wapi, na alilipa jina lake mwenyewe la Kiswahili. Amri ya kujenga ilielekezwa kwenye faili hilo kwa jina hilo. Edita yangu haikujua. Yenyewe inatafuta jina moja tu ililozoea, na isipolikuta inajiendea bila ramani. Kwa hiyo haikuona folda ambamo Mwalimu alieleza tarehe ya kukadiria ni nini, na kila ilipokutana na maneno hayo ikapiga wekundu.

Ndipo nikafungua Soma Kwanza. Jibu lilikuwa ukurasa wa kwanza, aya ya pili. Aliandika kwamba ukifungua kazi hii mara ya kwanza utaona nyekundu nyingi. Usiogope, na usirekebishe chochote. Nakili faili la mipangilio, ulipe jina ambalo edita inalitafuta, kisha funga edita uifungue tena. Nikafanya hivyo. Yale makosa mia nne yakaondoka kwa mara moja.

Ilikuwa saa nane mchana. Katibu alikuwa anacheka na mtu kwenye simu chumba cha pili. Nilitazama ukurasa ule msafi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama niende mlango wa mkurugenzi. Hatua kumi na mbili hivi. Badala yake nilirudisha programu ya Mwalimu kwenye vishikwambi, kimya kimya. Muuguzi wa Goziba akapiga kelele za furaha kwenye simu: "Wamerudi! Mungu akubariki, dada!" Nikaomba awatafute wale akina mama aliowarudisha. Akasema atajaribu, ila wengine waume zao walishahamia kambi nyingine. Mpaka leo sijui kama wote walirudi.

Ijumaa, kwenye kikao, mkurugenzi alisema mbele ya wote: "Dada yetu amesafisha makosa yote mia nne." Wakapiga makofi. Dereva alipiga kuliko wote. Nikasema asanteni.

Miezi minne nilikaa hivyo. Sikulala njaa, sikuugua, nilifanya kazi vizuri. Lakini kila nilipofungua programu ile nilikuwa ninasoma akili ya mtu niliyemsingizia. Kila kona niliyodhani kuna upungufu nilikuta ameshapafikiria. Muuguzi akisahau kubonyeza hifadhi, programu ilikuwa imeshahifadhi. Mtoto akiandikwa mara mbili kwa majina yanayokaribiana, iliuliza kwa upole kama huyu siye yule.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mama. Nilimchagua kwa sababu kiharusi kilimchukua ulimi, nikajua hatanijibu. Nilimsimulia kwa Kihaya nikiwa namlisha ndizi za kupondwa, tangu picha hadi makofi. Alinitazama muda mrefu, chakula kikiwa shavuni. Kisha akahangaika na mdomo wake mpaka likatoka neno moja: "Genda." Nenda.

Jumamosi nikaenda Ijumbi na kilo mbili za sukari na mkate, kama mtu anayekwenda kuhani msiba. Kutoka Muleba nilipanda bodaboda, na dereva hakuhitaji maelekezo. Kila mtu alipajua kwa Mwalimu. Mke wake alinipokea, akaniletea kigoda na kamwani, buni za kutafuna, kwenye kisahani. Nikatafuna buni moja. Mwalimu alitokea shambani na kisu cha kukatia majani makavu ya migomba, sweta lile lile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea, waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya.

Akakaa. Akaweka kisu chini. "Na watoto wa Goziba? Tarehe zinakwenda?"

Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, na swali hilo likayatawanya. Nikamweleza bila mpangilio. Kwamba sikusoma maelezo. Kwamba nilisema nimesoma. Picha. Sentensi niliyoiandaa njiani. Akina mama waliorudishwa bila chanjo. Makofi. Alisikiliza akitazama mikono yake. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Huyu ndiye?" akamwuliza mumewe kwa Kihaya, kana kwamba mimi si Mhaya.

Kisha mke wake akaniambia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, ili nisikose neno. "Tangu arudi, kila asubuhi anakaa mbele ya kompyuta kabla hata ya chai. Anatafuta hayo makosa yako. Namwambia njoo tunywe, anasema bado sijalipata. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, anaanza kuniuliza mimi, ambaye sijafika sekondari, kama akili yake inapungua."

"Yatosha, mama," Mwalimu akasema.

"Haijatosha." Akaingia ndani.

Nilidhani nilimchukulia kazi. Kazi ingekuwa afadhali. Nililia, na nikaona aibu kulia, kwa sababu si mimi niliyestahili kufarijiwa. Mwalimu aliniacha nilie. Baadaye akasema, taratibu, "Niliisoma yote mara tatu. Sikuona kosa, nikasema basi macho yamezeeka, huyu binti ameona nisichokiona. Na mimi nina sehemu yangu. Lile faili ningeliita kwa jina linalojulikana. Nilipenda tu liwe na jina la lugha yetu."

"Hapana, Mwalimu, uliandika. Mimi ndiye..."

"Niliandika, ndiyo." Akainua macho. "Mkurugenzi umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi umekuja kwangu mapema mno."

Aliinuka, akachukua kisu chake, akaniambia nisiondoke bila kula. Mke wake aliniandalia ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage bila kunitazama. Nikala chote, kwa sababu kubakiza ingekuwa tusi jingine.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa mkurugenzi na kufunga mlango. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti, ingawa ningependa apandishe.

"Na yale makofi tuliyokupigia?" akauliza.

"Niliyapokea, mama."

"Uliyapokea." Akageuza kalamu juu ya meza, mara kadhaa. "Unajua mimi nilimwambia nini yule mzee? Nilimwambia ofisi inahitaji damu mpya. Nilijiona nina hekima." Akachukua simu, akampigia hapo hapo, nami nikiwa nimesimama. Alimwomba radhi kwa Kihaya, kwa heshima zote, na mara mbili akashindwa kumaliza sentensi. Kisha akamwomba arudi kazini.

Mwalimu alikataa. Alikuwa ameanza kuwafundisha kompyuta walimu wenzake wastaafu pale Ijumbi, akasema hawezi kuwaacha katikati. Lakini angekuja siku mbili, ili kazi iwekwe sawa.

Kabla hajafika, mkurugenzi aliitisha kikao na kuniambia niseme mwenyewe. Nilisimama nikasema, tangu uongo wa kwanza. Hakuna aliyenikatiza. Dereva alitazama sakafu muda wote, na kwa wiki nyingi baada ya hapo alikuwa ananisalimia kwa kifupi sana. Nilipewa onyo kwa barua. Nadhani nilibakizwa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuishika programu, na hilo nalo si jambo la kujivunia.

Mwalimu alipokuja tulikaa naye kwenye meza moja. Alibadilisha jina la lile faili, akaniambia nijenge, nikajenga. Akaniambia nifungue edita, nikafungua, na haikulalamika. Tulisoma Soma Kwanza pamoja, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiuliza maswali na mimi nikijibu kama niko kidato cha pili. Hakunisema, wala hakutania. Siku ya pili, jioni jua likiegemea upande wa vilima, nilimsindikiza hadi kwenye bodaboda.

"Mwalimu," nikasema, "umenisamehe?"

Alikuwa anafunga kamba ya kofia ngumu, vidole vikihangaika na kifungo. "Nimekuja, sivyo?"

"Umekuja."

"Basi swali hilo usiniulize tena. Nikiwa tayari nitakwambia mwenyewe."

Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile. Nikimwandikia kuhusu programu ananijibu siku hiyo hiyo, kwa ukamilifu, na mwisho anaandika kazi njema. Muuguzi wa Goziba akiwa na swali gumu sasa anampigia yeye moja kwa moja, na naona ni sawa. Mama alifariki mwezi wa tano. Mwalimu na mke wake walikuja Nyanga kuzika, wakakaa kwenye benchi la nyuma kanisani, wakanipa mkono wote wawili. Hakusema lolote juu ya lile jambo, na mimi sikuuliza.